Fremu ya Feleji kwa Barabara ya Wesha

Sehemu nyingi za baiskeli hubadilishwa bila baiskeli yenyewe kugeuka kuwa nyingine: tairi huisha, gurudumu likavishwa jipya, mnyororo hukatika, spoki hupinda, gololi husagika, na mwenyewe huendelea kuiita baiskeli ile ile. Fremu ndiyo inayoamua mpandaji aketi wapi, aunyooshee usukani mkono kwa umbali gani, mzigo ukae mbele au nyuma ya ekseli, na nguvu ya mguu ifike kwenye gurudumu au ipotelee katika kuyumba kwa mabomba. Ndiyo maana watu wanaounda baiskeli kwa mikono yao, kwa mapenzi ya kazi na wala si kwa biashara, takriban wote huunda fremu, pengine pamoja na uma wa mbele, na vitu vingine vyote huvinunua vikiwa tayari. Ustadi huo ulikulia Uingereza, Italia, Ufaransa na Japani, na vipimo vyake vingi vimetokana na baiskeli za mbio. Sura hii inauangalia ukiwa Wesha, kisiwani Pemba, na hoja yake ni kwamba mpenzi wa kazi hii atakayeanza na mzigo, mwinuko na chumvi ya mahali pake ataunda fremu bora kuliko yule atakayenakili vipimo vya watu wa mbio, na kwamba maarifa ya kufanya hivyo hayako mbali naye.

Wesha ni shehia ya Wilaya ya Chake Chake, Mkoa wa Kusini Pemba, kwenye pwani ya magharibi ya kisiwa. Ni bandari ya mji wa Chake Chake, na ndipo vyombo vinapoondokea kwenda kisiwa cha Misali. Barabara inayotoka bandarini huenda mjini kwa kupanda na kushuka katika vilima na mabonde, kama zilivyo barabara nyingi za Pemba. Kisiwa hakina mlima wa kutisha, kwani kilele chake cha juu hakifiki mita 150 kutoka usawa wa bahari, lakini mwendeshaji hukutana na miinuko mifupi mikali inayofuatana, na miinuko ya namna hiyo humchosha mtu mwenye mzigo kuliko mlima mmoja mrefu uliolala. Mizigo yenyewe ni ya aina nyingi: samaki katika tenga, mikungu ya ndizi, muhogo, madafu, kuni, na katika msimu wake, karafuu. Tangu kimbunga cha mwaka 1872 kilipoangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, Pemba ndiyo imekuwa chimbuko la karafuu nyingi za Zanzibar, na baiskeli imekuwa miongoni mwa vyombo vya kuitoa karafuu shambani, mahali ambapo gari haliwezi kuingia.

Umbo la fremu linalojulikana leo lilichipuka kutokana na baiskeli ya Rover, iliyotengenezwa na John Kemp Starley mjini Coventry, Uingereza, mwaka 1885. Katika miaka michache iliyofuata wahandisi waliliboresha hadi likawa na pembetatu mbili zinazogusana ubavu. Pembetatu ya mbele, ambayo kwa hakika ina pembe nne, imefanywa na bomba la juu, bomba la chini, bomba la kiti, na bomba fupi la kichwa linalopitisha shina la uma. Pembetatu ya nyuma imefanywa na vibomba viwili vya chini vinavyotoka kwenye ekseli ya pedeli kwenda kwenye gurudumu, pamoja na vibomba viwili vya juu vinavyotoka kwenye gurudumu kupanda hadi chini ya kiti. Siri ya umbo hili ni kwamba pembetatu haiwezi kubadilika sura isipokuwa mmoja wa pande zake urefuke au ufupike, na bomba la feleji hustahimili sana kuvutwa na kusukumwa kwa urefu wake, hata pale ambapo lingepindika kwa urahisi kama lingesukumwa ubavuni.

Afrika Mashariki ililipokea umbo hilo likiwa limekwisha kukamilika. Baiskeli nzito za Uingereza, Raleigh ikiwa mashuhuri kati yake, zilitawala wakati wa ukoloni. Baadaye zikaja za India na China, na Tanzania nayo ikawa na kampuni yake ya taifa jijini Dar es Salaam iliyotoa baiskeli za Swala. Aina hizi zote zilifuata takriban mchoro mmoja, wenye magurudumu makubwa ya inchi 28, bomba la kichwa lililolala, uma uliojikunja mbele sana, na nafasi ndefu kati ya gurudumu la mbele na la nyuma. Mchoro huo ni mzuri na unastahili heshima, kwa sababu ulibuniwa kwa barabara mbovu na umewabeba watu na mali kwa zaidi ya karne moja. Kasoro yake ni kwamba ulitolewa kwa vipimo viwili au vitatu kwa ajili ya dunia nzima, hivyo mtu mfupi wa Wesha hupanda fremu iliyokusudiwa mwingine, akalazimika kuinamisha nyonga kila upande ili mguu ufikie pedeli, na uchovu wake akadhani ni wa mlima.

Feleji na mabomba yake

Feleji, yaani chuma cha pua, ni mchanganyiko wa chuma na kiasi kidogo cha kaboni, na katika aina zilizo bora huongezwa madini mengine kama manganizi, kromiamu na molibdenamu. Jambo la kwanza analopaswa kulielewa muundaji ni tofauti kati ya uimara na ukakamavu. Uimara ni uwezo wa bomba kubeba nguvu bila kubonyea daima au kukatika. Ukakamavu ni uwezo wake wa kukataa kupinda wakati nguvu ingalipo. Feleji ya bei ndogo na feleji ya bei kubwa hutofautiana sana kwa uimara, lakini kwa ukakamavu hulingana takriban sawasawa, mradi mabomba yawe na kipenyo kimoja na unene mmoja. Kwa hiyo anayesema kwamba fremu yake imekuwa kakamavu kwa sababu tu ametumia feleji ghali amekosea. Feleji ghali humpa ruhusa ya kutumia bomba jembamba la ukuta bila kuogopa kukatika, na faida inayopatikana ni wepesi.

Hesabu yake ni rahisi, na inafaa kufanywa kabla ya kununua chochote. Bomba la chini la kipenyo cha milimita 28.6 lenye ukuta wa milimita 0.9 lina uzito wa gramu 615 hivi kwa kila mita, ilhali bomba la kipenyo hicho hicho lenye ukuta wa milimita 1.5 hufikia kilo moja kamili. Kwa upande mwingine, kipenyo kikiongezwa kutoka milimita 25.4 hadi 28.6 kwa ukuta ule ule wa milimita 0.9, uzito huongezeka kwa asilimia 13 tu, lakini ukakamavu huongezeka kwa asilimia 44, kwa sababu katika bomba la ukuta mwembamba ukakamavu hupanda kwa kipenyo kinachozidishwa chenyewe mara tatu. Mwenye kubeba magunia, basi, atafute bomba nene la kipenyo kabla ya kutafuta bomba nene la ukuta. Kanuni hii peke yake ingeweza kuzipunguzia uzito baiskeli za mizigo zinazopanda kutoka Wesha.

Ustadi wa kuupunguza uzito ulipiga hatua kubwa mwaka 1897, pale Alfred Reynolds wa Birmingham, aliyetoka katika ukoo wa watengeneza misumari, na mwenzake J. T. Hewitt walipopata hataza ya bomba ambalo ukuta wake ni mnene kwenye ncha na mwembamba katikati, ingawa kwa nje kipenyo hakibadiliki. Mantiki yake ni kwamba ncha ndizo zinazopata moto wakati wa kuunganishwa, na ndizo zinazobeba msukosuko mkubwa zaidi. Mwaka 1935 kampuni ya Reynolds ilitoa aina iliyoitwa 531, ya feleji yenye manganizi na molibdenamu, iliyotumika katika fremu za mbio na za matembezi kwa miongo mingi. Huko Japani, mbio za kulipwa za keirin, zilizoanza mjini Kokura mwaka 1948, zimeendelea kukimbiwa kwa fremu za feleji zinazoundwa kwa mikono na mafundi waliothibitishwa, na hilo latosha kuonyesha kwamba feleji haikushindwa na alumini wala nyuzi za kaboni kwa kila jambo.

Mabomba ya namna hiyo huagizwa kutoka nje, na bei yake si ya kila mtu. Yale ambayo hupatikana kwa wauza vyuma ni mabomba ya duara ya feleji ya kawaida, yanayoundiwa vitanda, viti na madirisha. Haya yanaweza kufaa fremu ya mzigo iwapo mshono wake ni safi na ukuta wake unajulikana kwa kupimwa, ingawa fremu itakuwa nzito. Bomba la maji lililopakwa zinki halifai kabisa kuchomwa likiwa na zinki yake: zinki huchemka kwenye nyuzi 907 za Selsiasi, na moshi wake humletea fundi homa, baridi na kifua kubana saa chache baada ya kazi. Onyo hili halina mjadala, kwa kuwa karakana nyingi hufanya kazi katika chumba kimoja chenye mlango mmoja.

Kuunga

Fundi wa kuchomelea hupatikana karibu kila mji wa Pemba, na hufanya kazi yake kwa umeme, ambao tangu mwaka 2010 hufika kisiwani kwa waya uliolazwa chini ya bahari kutoka upande wa Tanga. Kuchomelea ni kuyeyusha vyuma viwili vyenyewe hadi vichanganyike, na vijiti vya kawaida vya umeme vinavyofaa lango au dirisha hutoboa upesi bomba lenye ukuta wa milimita 0.9. Waundaji fremu kwa kawaida huchagua njia nyingine, ya kulehemu kwa shaba ya njano. Katika njia hiyo bomba haliyeyuki: hupashwa moto kwa gesi ya oksijeni na asetilini hadi kufikia nyuzi 900 hivi, likawa na wekundu wa rangi ya chungwa, kisha kijiti cha shaba na zinki hugusishwa, kikayeyuka na kunywewa na mwanya mdogo uliopo kati ya vyuma viwili. Feleji yenyewe huyeyuka karibu na nyuzi 1,500, hivyo kuna nafasi kubwa kati ya joto la kazi na joto la maangamizi.

Masharti ya kulehemu ni mawili, usafi na mwanya. Bomba lazima lipigwe msasa hadi ling'ae, lipakwe boraksi, ambayo ni chumvi inayoyeyuka na kuizuia hewa isiuchafue uso wa chuma uliopata moto, na ncha yake ichongwe kwa tupa mpaka ikumbatie mviringo wa bomba la pili bila kuacha mwanga kupita. Kuchonga huku ndiko kunakochukua muda mwingi, na ndiko kunakomtenganisha mwenye subira na asiye nayo, kwani shaba haikuumbwa kuziba mapengo, na kiungo kilichojazwa shaba badala ya kuchongwa kitapasuka mzigo ukizidi. Wengine hutumia viungio, yaani vipande vya feleji vyenye matundu ambamo mabomba huingizwa kabla ya kulehemiwa, kama zilivyo Raleigh za kale. Wengine huunga bomba kwa bomba na kujaza pembeni ukingo mnene wa shaba. Njia ya pili inafaa zaidi penye vipimo visivyo vya kawaida, kwa sababu kiungio cha dukani huja na pembe yake tayari.

Unyoofu wa fremu hupimwa kwa uzi. Uzi hufungwa penye tundu la ekseli ya nyuma upande wa kulia, ukapitishwa mbele ya bomba la kichwa na kurudishwa hadi tundu la kushoto, kisha nafasi kati ya uzi na bomba la kiti hupimwa pande zote mbili. Zikilingana, mbele na nyuma zimekaa katika mstari mmoja. Mafundi wa madau na mashua wa pwani hii wameunda vyombo kwa uzi, timazi na jicho lililozoea, na kijana aliyekulia karibu nao hahitaji kuaminishwa kwamba kipimo cha uzi ni kipimo kamili.

Vipimo vya mahali

Baiskeli ya mbio ina vibomba vya chini vya nyuma vyenye urefu wa milimita 410 hivi, ili gurudumu liwe karibu na mpandaji na baiskeli iitike upesi. Ukiweka tenga la samaki juu ya keria ya baiskeli hiyo, uzito wake utaangukia nyuma ya ekseli, gurudumu la mbele litapungukiwa na uzito, na katika mwinuko usukani utaanza kutangatanga. Fremu ya Wesha inahitaji vibomba hivyo virefushwe kupita milimita 450, keria ishuke karibu na tairi kadiri inavyowezekana, na miguu yake iungwe moja kwa moja kwenye fremu badala ya kufungwa kwa skrubu zinazolegea. Pembe ya bomba la kichwa ikiwa kati ya nyuzi 67 na 70, pamoja na uma wenye mkunjo wa kutosha, itaupa usukani utulivu ambao mchuuzi anauhitaji pindi anaposhuka na breki zimelowa.

Nafasi kati ya vibomba vya nyuma nayo huamuliwa mapema, kwa kuwa baiskeli ya gia moja inatosheka na milimita 110 hadi 120, ilhali gurudumu la gia nyingi hudai hadi 135. Kwa barabara ya vilima ni busara kuacha 135 tangu mwanzo, hata kama mwenye baiskeli ataanza na gia moja.

Kisha kuna mavazi, ambayo vitabu vya Ulaya huyagusa kwa kusema tu kwamba fremu ya bomba la juu lililoshuka ni ya wanawake. Pemba, mwanamke huvaa buibui, mwanamume huvaa kanzu akienda msikitini na kikoi akiwa pwani, na mwenye gunia kwenye keria hawezi kurusha mguu nyuma hata akiwa na suruali. Fremu iliyoshuka katikati inawafaa wote hao. Baiskeli za mtumba kutoka Japani, nyingi zikiwa za umbo hilo, zimekwisha kuonyesha hivyo nchini Tanzania. Gharama yake ni kwamba pembetatu ya mbele inavunjika na fremu hupoteza sehemu ya ukakamavu wake, hivyo bomba la chini lazima liongezwe kipenyo, kwa hesabu ile ile iliyotangulia. Mwandishi wa sura hii anaamini kwamba umbo hilo ndilo lingepaswa kuwa la kawaida kisiwani, na fremu ya bomba la juu ibaki kwa wenye haja nayo mahususi.

Chumvi

Adui mkubwa wa feleji pwani ni chumvi. Hewa ya bahari huibeba kwa chembe ndogo zisizoonekana, na maji ya samaki hudondoka kutoka kwenye tenga moja kwa moja juu ya vibomba vya nyuma, mahali ambapo rangi hukwaruzwa kila siku na kamba za kufungia mzigo. Kutu ya nje huonekana na kusuguliwa. Iliyo mbaya ni ya ndani, kwa kuwa maji hupenya kupitia mdomo wa bomba la kiti, yakatuama chini kwenye bomba la ekseli ya pedeli, yakala ukuta kimyakimya hadi fremu ikatike bila dalili. Muundaji anaweza kuikinga mapema kwa kutoboa tundu dogo la kutolea maji sehemu ya chini kabisa, kwa kuvifunga kabisa vibomba vidogo, na kwa kupaka mafuta ndani ya mabomba makubwa.

Juu ya mafuta hayo, pwani ina urithi wake. Wajenzi na wenye vyombo wa Zanzibar tangu zamani wamepaka mbao kwa sifa, mafuta yanayotokana na ini la papa, ili jua na maji ya chumvi visizile. Nahodha Robert Fergusson naye aligundua kwamba mafuta ya samaki yaliyomwagika juu ya sitaha yenye kutu yaliizuia kutu isiendelee, na kutokana na ugunduzi huo ikazaliwa mwaka 1921 kampuni ya rangi ya Marekani, Rust-Oleum. Papa na samaki wengine hawatoi mafuta ya namna moja, na sifa hukauka polepole na harufu yake ni kali. Hata hivyo, kuijaribu ndani ya kipande cha bomba kilichotundikwa ufukweni kando ya kipande kisichopakwa ni jaribio rahisi, na faida yake ingewafikia wengi.

Inawezekana kuuliza kama kazi hii yote ya kuunda fremu si anasa katika nchi ambayo baiskeli mpya hununuliwa ikiwa tayari. Jibu linaonekana katika kazi ambazo Afrika Mashariki imekwisha kuzifanya. Guta za magurudumu matatu za Dar es Salaam zimeundwa na mafundi wa mitaani kwa sababu hakuna kiwanda cha mbali kilichofikiria mzigo wa soko la Kariakoo. Karakana za Bombolulu mjini Mombasa, zilizoanzishwa mwaka 1969, zimewapa kazi watu wenye ulemavu, na viti vya magurudumu ni miongoni mwa vitu vilivyotengenezwa huko. Kila kiti cha namna hiyo na kila guta ni fremu ya feleji iliyoanza na mwili wa mtu fulani na njia fulani. Pemba kwenyewe, Kituo cha Mafunzo ya Amali cha Vitongoji kiko katika wilaya ile ile ya Chake Chake, na mafunzo ya kuunga mabomba membamba kwa shaba yangestahili kupewa nafasi katika vituo vya aina hiyo, kwa kuwa mkono uliojifunza kuunga fremu unaweza pia kuunga kiti cha mgonjwa.

Atakayeanza peke yake aanze na keria, kwa sababu keria ikishindwa hupotea mzigo tu. Baada ya keria, aunge viungo vya majaribio kwa vipande vya bomba, avikate kwa msumeno katikati na kuangalia kama shaba imepenya pande zote. Kiungo ambacho shaba imeishia juujuu kitupwe, na kazi irudiwe. Fremu ya kwanza ipandwe bila mzigo kwa wiki kadhaa, na viungo vyake vikaguliwe kama rangi imepasuka kwa mstari mwembamba, ambao ndio dalili ya kwanza ya ufa. Uma wa mbele ununuliwe, na usiundwe hadi mkono uwe umezoea, kwa kuwa fremu ikipasuka nyuma mpandaji husimama, lakini uma ukikatika kwenye mteremko humwangusha uso kwanza.